Picha Isiyo na Marehemu

Swahibu yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na wote nyumbani. Nimecheka sana kusoma kwamba Mama, alipoiona ile zawadi yangu ya harusi imetundikwa sebuleni, aliuliza ni nani aliyefariki. Simlaumu, kwani majumbani kwetu picha nyeusi na nyeupe iliyotiwa fremu huwa ni ya marehemu babu. Naomba umweleze kwamba ile ni ngalawa ya Bagamoyo wakati wa maji kupwa, na kwamba aliyeipiga aliziacha rangi kwa makusudi.

Wewe nawe umeniuliza iweje nitoe fedha zote zile kwa kitu ambacho simu yako ingekifanya kwa kubonyeza tu. Isogelee mchana, uitazame pale penye giza zaidi, chini ya ubavu wa ngalawa, nawe utaona kwamba weusi ule si mmoja: kamba iliyolowa ina weusi wake, ubao una wake, na kivuli juu ya matope kina wake. Kisha tazama tanga lililoanikwa, ambalo kwa mbali ni jeupe tupu, uhesabu mishono ya viraka. Picha iliyosafishwa ovyo hupoteza vyote hivyo, giza likawa lami na weupe ukawa karatasi tu.

Kwamba kusafisha picha ni ufundi hasa, mfano ni Ansel Adams, Mmarekani aliyesomea piano kabla ya kuifanya kamera kuwa kazi yake. Alipita karibu na kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, akaona mwezi umechomoza huku misalaba ya makaburini iking'ara kwa jua la mwisho. Kipima mwanga hakukiona, akakadiria kwa kuwa aliujua ung'avu wa mwezi, akapiga mara moja, na kabla hajawahi kupiga ya pili jua likawa limeiacha ile misalaba. Kutokana na negativu hiyo moja, yaani filamu iliyoinasa picha, alisafisha nakala zaidi ya 1,000 kabla ya kufariki mwaka 1984, na hazifanani: katika za awali mawingu hafifu yanaonekana angani, katika za baadaye mbingu ni nyeusi ti. Yeye aliifananisha negativu na nota za muziki, na nakala ya karatasini na upigaji wa muziki wenyewe. Kusema kweli, mimi naona mbingu zile za mwisho zimezidi weusi, lakini hilo tutabishana tukikutana.

Tarakimu za penseli pembeni, 4/15, si bei wala mchezo wa mtoto. Ni nakala ya nne kati ya 15 ambazo mpigapicha ameahidi kutozizidisha. Usizifute.

Ila umesema imetazamana na dirisha, nami nimeshtuka. Jua likiipiga kila siku itaharibika, na kioo kitakuonyesha dirisha badala ya ngalawa. Ihamishie ukuta wa ndani, usawa wa macho ya Mama anapoketi, na umwambie nikija Idi nitamwonyesha ile mishono mmoja mmoja.

Wasalaam,
Swahibu yako