Faili lako ni FLAC, lakini umetoa sauti ipi kwenye diski?

Wateja wengi wanaotuletea diski za muziki wa sauti ya mzunguko, yaani ule wa spika tano na sabufa, wameshajaribu wenyewe nyumbani. Wanakuja na swali lile lile: "Nimeshaibadilisha kuwa FLAC, mbona inatoka spika mbili tu?" Jibu karibu kila mara ni moja. Diski za aina hii hubeba muziki uleule zaidi ya mara moja, kwa viwango tofauti, na kompyuta huchukua ule ulio rahisi kufikiwa. FLAC nayo, aina ya faili inayobana sauti bila kupoteza kitu, huhifadhi kwa uaminifu chochote ulichoipa, hata kama ulichoipa ni nakala iliyokwishapunguzwa. Kwa hiyo kabla ya kuulizia programu, jua kwanza diski yako ina nini ndani na unataka kipi.

Geuza kasha utazame alama. SACD, DVD-Audio, Blu-ray na CD yenye alama ya DTS ni vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina njia yake.

SACD: kompyuta haioni unachokitaka

Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Sony na Philips waliileta mwaka 1999, na sauti yake si PCM (sampuli za namba za biti nyingi) kama ya CD bali ni DSD: biti moja moja, mara 2,822,400 kwa sekunde kwa kila chaneli. Diski nyingi zina matabaka mawili. Moja ni CD ya kawaida, stereo ya biti 16 na 44.1 kHz, ambayo draivu yoyote inaisoma. La pili ndilo SACD yenyewe, lenye eneo la stereo na, kama albamu imetengenezwa hivyo, eneo la chaneli nyingi. Draivu ya kompyuta, iwe ya DVD au ya Blu-ray, hailisomi tabaka hili la pili hata ukinunua ya bei gani, kwa sababu data yake imefungwa kwa ufunguo ambao draivu hizo hazikupewa. Ukiweka SACD kwenye kompyuta na kutoa FLAC, ulichotoa ni CD. Na SACD isiyo na tabaka la CD haitaonekana kabisa.

Kinachohitajika ni mashine iliyotengenezwa kucheza SACD. PS3 za mwanzo zenye uwezo huo, zikiwekewa mfumo uliorekebishwa, zinafanya kazi. Sisi tunapendelea deki za Blu-ray zenye chipu ya MediaTek, kama Oppo BDP-103 na BDP-105, Pioneer BDP-160 au Sony BDP-S5100, kwa sababu hazihitaji kubadilishwa mfumo wake wa ndani. Oppo walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaacha kutengeneza deki, hivyo ukiipata itakuwa ya mtumba, na nyingi hutoka Marekani au Japani. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka: kikiandikwa 100V au 120V pekee, umeme wetu wa 230V utaiunguza, hivyo tafuta transfoma ya kushusha umeme.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwenye mipangilio ya deki, zima uchezaji wa diski wa moja kwa moja. Kwa Sony, washa pia hali ya kuwaka haraka. Unganisha deki na kompyuta kwenye ruta moja kwa waya, kisha soma anwani ya IP ya deki kwenye ukurasa wake wa mtandao. Chukua flashi iliyofomatiwa FAT32 yenye folda ya AutoScript (maagizo ambayo deki huyaendesha yenyewe) na uichomeke. Kwenye aina nyingi trei hufunguka yenyewe flashi ikishasomwa, na hiyo ndiyo dalili kwamba deki iko tayari. Weka diski, funga trei, halafu kwenye kompyuta andika (ukiweka anwani ya deki yako):

sacd_extract -I -i 192.168.1.20:2002

Programu itavuta diski nzima na kuihifadhi kama faili moja la ISO, yaani nakala kamili ya diski, kwenye kompyuta. Usitegemee Wi-Fi kwa hatua hii. Mawasiliano yakikatika katikati unabaki na ISO pungufu ambayo huenda ikafunguka vizuri hadi wimbo wa saba, ndipo ukagundua. Umeme ukikatika ni hivyo hivyo, kwa hiyo deki, ruta na kompyuta vyote vitatu viwe kwenye UPS. UPS ya kompyuta pekee haisaidii kama ruta imezima.

Baada ya hapo, nyimbo za chaneli nyingi hutolewa kwenye ISO kwa amri hii:

sacd_extract -i diski.iso -m -s -c

Herufi m inachagua eneo la chaneli nyingi (ukiweka 2 utapata la stereo), s inatoa faili za DSF (faili za sauti ya DSD), na c inafungua mbano wa DST. Mbano huo haupotezi kitu, na upo kwa sababu ya hesabu tu: chaneli sita za DSD hula takriban MB 127 kwa dakika, kwa hiyo saa moja ya muziki ni karibu GB 7.6, wakati diski ina nafasi ya GB 4.7. Ndiyo maana DSF ulizotoa zinaweza kuzidi ukubwa wa diski zilikotoka. Hakuna kilichoharibika. Kati ya DSF na DFF, aina nyingine ya faili za DSD, chagua DSF, kwa kuwa inabeba jina la wimbo, msanii na picha ya jalada. DFF haina njia ya kawaida ya kuyabeba.

Je, uzigeuze kuwa FLAC? Kama risiva (mashine inayoendesha spika) au programu yako inacheza DSF ya chaneli nyingi, ziache zilivyo, maana kutoka DSD kwenda PCM ni ukokotoaji mpya wa sauti na ukishageuza huwezi kurudi nyuma. Tunachoshauri ni kutunza ISO daima, halafu FLAC iwe ya kusikilizia. Chagua biti 24 na 88.2 kHz, au 176.4 kHz, kwa sababu 2,822,400 hugawanyika kwa namba hizo bila baki; 96 kHz inalazimisha hesabu ya ziada isiyo na faida. Weka kichujio cha kukata juu ya kHz 30 hivi. DSD husukuma kelele zake juu ya masafa ya sikio, na kuziacha humo ni kujaza faili kwa kelele na kuisumbua amplifaya bure.

Sasa suala la ukubwa wa sauti, ambalo huharibu kazi nyingi nzuri. Kiwango cha rejea cha SACD kimewekwa chini ya kikomo cha PCM kwa 6 dB, hivyo FLAC itasikika chini ukilinganisha na CD. Programu nyingi zinakupa nafasi ya kuongeza 6 dB. Usikubali kabla ya kupima, kwani ziko albamu zinazopita kiwango hicho na vilele vyake vitakatwa. Pima kilele cha juu kabisa cha albamu nzima, kisha ongeza kiasi kimoja kwa nyimbo zote na chaneli zote. Ukisawazisha kila wimbo peke yake, au mbaya zaidi kila chaneli peke yake, spika za nyuma zitapanda mahali ambapo mhandisi alizitaka zinong'one. Chaneli ya sabufa nayo usiiguse. Nyongeza yake ya 10 dB ni kazi ya risiva wakati wa kucheza.

DVD-Audio: folda mbili, fungua iliyo sahihi

Hapa draivu ya kawaida ya DVD inatosha, lakini mtego uko kwenye folda. Muziki kamili umo ndani ya AUDIO_TS, kwenye faili zenye mwisho wa AOB. Diski nyingi zina pia VIDEO_TS, iliyowekwa ili deki za kawaida ziweze kuicheza, na humo sauti ya mzunguko ni Dolby Digital au DTS iliyobanwa kwa kukata sehemu ya sauti. Programu nyingi za video huenda VIDEO_TS moja kwa moja. Ukiona sauti iliyotoka ni 48 kHz na programu inataja AC3 (ndiyo Dolby Digital), umeingia mlango usio wako.

Chaneli sita za biti 24 na 96 kHz zinahitaji megabiti 13.8 kwa sekunde, na DVD-Audio inaruhusu 9.6 tu. Ndiyo sababu hutumia MLP, mbano usiopoteza kitu, na ndiyo sababu unahitaji programu inayoijua. foobar2000 yenye nyongeza ya DVD-Audio huonyesha makundi ya stereo na ya chaneli nyingi kando kando ili uchague. Kuburuta AOB na kuzinakili kama faili za kawaida hakutoshi: diski nyingi zimefungwa kwa CPPM, ulinzi dhidi ya kunakili, na utakachopata ni kelele. Jambo lingine la kuangalia ni kwamba baadhi ya diski zina chaneli za mbele kwa 96 kHz na za nyuma kwa 48 kHz. FLAC hukubali kiwango kimoja kwa chaneli zote, kwa hiyo za nyuma hupandishwa. Hazipotezi kitu, ila usishangae ukiona hazina masafa ya juu.

Ukiwa na DualDisc (diski yenye CD upande mmoja na DVD upande wa pili), usiiweke kwenye draivu ya kusukuma isiyo na trei. Unene wake ni kama milimita 1.5 badala ya 1.2, na inaweza kukwama.

Blu-ray

MakeMKV husoma diski na kuorodhesha sauti zote zilizomo: mara nyingi stereo ya LPCM, DTS-HD Master Audio, na pengine Dolby TrueHD. Chini ya DTS-HD utaona mstari mwingine wenye neno "core". Hiyo ndiyo nakala iliyokatwa, iache. Ukishapata MKV, itazame kwa ffprobe, programu inayokuja pamoja na ffmpeg. Mstari unaousaka unasomeka hivi: dts (DTS-HD MA), 96000 Hz, 5.1(side), s32p (24 bit). Ukisomeka dts (DTS) peke yake, na 1536 kb/s mwishoni, umechukua core. Matoleo ya zamani sana ya ffmpeg yalisoma core tu hata pale DTS-HD ilipokuwepo, kwa hiyo tumia toleo jipya. Kisha:

ffmpeg -i diski.mkv -map 0:a:1 -c:a flac albamu.flac

Namba baada ya a ni nafasi ya sauti uliyoichagua, ikihesabiwa kuanzia sifuri. Kama diski ni ya Dolby Atmos, fahamu kwamba FLAC haibebi taarifa za vitu vinavyosogea juu ya kichwa; utabaki na chaneli za msingi tu, kwa kawaida 7.1. Kwa Atmos tunakuachia TrueHD yenyewe ndani ya MKA.

CD ya DTS

Itoe kama CD yoyote kwa programu makini kama Exact Audio Copy. Ukiicheza bila dekoda utasikia kelele kama redio isiyoshika stesheni, na wengi hudhani diski ni mbovu. Hiyo ndiyo DTS yenyewe iliyovikwa sura ya PCM. Usiongeze wala kupunguza sauti hata kidogo, kwani biti zikiguswa dekoda haiitambui tena. Lakini DTS hii imekatwa tangu kiwandani, na hakuna FLAC itakayorudisha kilichoondolewa.

Mahali pa kugawa nyimbo

Albamu nyingi za sauti ya mzunguko nyimbo zake zimeungana, na hapo ndipo vijimlio vya "tik" huzaliwa. DSF hupangwa kwa vipande vya baiti 4096 kwa kila chaneli, sawa na milisekunde 11.6, na kipande cha mwisho kikikosa kujaa hujazwa. DTS nayo huja kwa fremu za sampuli 512. Ukikata kabla ya kufungua sauti, unakata kwenye mpaka wa fremu badala ya mpaka wa wimbo. Fungua albamu nzima kwanza, ndipo ugawe.

Ukipitia WAV, kumbuka haivuki GB 4. Kwa chaneli sita za 24/96 hiyo ni dakika 41 hivi, baada ya hapo faili hukatika au huonyesha muda wa uongo. Tumia RF64 au W64, ndugu za WAV zisizo na kikomo hicho, au nenda FLAC moja kwa moja. Flashi ya FAT32 ina kikomo hicho hicho kwa faili moja, kwa hiyo tunakabidhi kazi kwenye exFAT.

Tunavyohakiki, na namna ya kucheza

Kwa CD kuna hifadhidata ya kulinganisha usomaji na wa watu wengine. Kwa SACD na DVD-Audio hatuna msaada huo. Kwa hiyo kila diski tunaisoma mara mbili na kulinganisha MD5 za ISO (namba inayobadilika hata biti moja ikitofautiana). Zikitofautiana, diski inaoshwa kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, inafutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, na inasomwa upya. Kisha kila chaneli inasikilizwa peke yake. Mpangilio wa FLAC ya 5.1 ni mbele kushoto, mbele kulia, katikati, sabufa, nyuma kushoto, nyuma kulia. Mwimbaji akisikika kwenye sabufa, mpangilio umekosewa. Chaneli ya katikati ikiwa kimya, tazama kwanza kama albamu ni ya 4.0 (spika nne, bila ya katikati wala sabufa), zipo nyingi za miaka ya 1970.

Ukifika nyumbani na bado unasikia stereo, kagua waya. Waya wa optiki hubeba PCM ya chaneli mbili tu. HDMI ARC ya televisheni vivyo hivyo; eARC ndiyo inayopitisha chaneli zote. Kilicho salama zaidi ni HDMI kutoka kompyuta moja kwa moja hadi risiva, na kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta uchague 5.1, maana mara nyingi inakuja ikiwa imewekwa stereo.

Tunapokea diski halisi ya mteja mwenyewe, na inarudi kwake pamoja na faili. Nakala yetu inafutwa ukishathibitisha kuwa zinacheza. Njoo na diski ikiwa kwenye kasha lake pamoja na kijitabu, kwa sababu humo ndimo tunamosoma idadi ya chaneli, na utueleze risiva yako ni ya aina gani ili tujue kama tukupe DSF, FLAC au zote mbili.