Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nambari za Injini na Msimamo wa Chama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha magari ya kale,

Hesabu za fedha mtazipata kwa mweka hazina, ambaye amezipanga vizuri kuliko ninavyoweza kuzieleza. Ada zinaingia polepole kama kawaida, na wanaodaiwa wanajijua. Safari ya kwenda Kisumu ilifanyika, na magari yote yalipanda Mau Summit kwa nguvu zake isipokuwa moja, ambalo silitaji kwa kuwa mwenyewe ndiye anayetununulia chai leo.

Kilichotuchosha mwaka huu ni nambari za injini. Wengi mlikuwepo hapa Nakuru wakati Datsun 240Z ya mwenzetu ilipofunguliwa boneti ili ikaguliwe. Gari hilo tunalienzi, kwa kuwa aina yake ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Ndani ya boneti lina kibao cha kiwandani chenye nambari ya chesisi, inayoanza na HS30 kwa yale ya usukani wa kulia, pamoja na nambari ya injini. Nambari hiyohiyo ya injini hugongwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, upande wa kulia kwa nyuma, chini ya hedi inayofunika silinda. Zetu zililingana. Lakini chuma kilichozunguka tarakimu kiling'aa kikiwa na mikwaruzo ya tupa, tarakimu mbili zilikuwa zimeshuka chini ya mstari, na kingo zake zilikuwa kali kama zimegongwa juzi, kwenye injini ya umri wa miaka hamsini.

Mwenyewe hakuficha. Bloku yake ilipasuka, akapata injini nyingine ya aina ileile, L24, na fundi wa jua kali akaifuta nambari yake na kugonga ile ya zamani "ili logbuku isisumbue," yaani hati ya usajili wa gari. Kuanzia siku hiyo chama kimegawanyika: je, ni halali kugonga nambari upya?

Mjadala huu hatukuuanzisha sisi. Kwenye injini ndogo za V8 za Chevrolet kule Marekani, nambari hugongwa mbele ya hedi ya kulia, juu ya uso uleule wa bloku unaosawazishwa injini inapofanyiwa ukarabati mkubwa. Mashine ikipita, nambari inaondoka na vumbi la chuma, hata kama injini ni ileile iliyotoka na gari kiwandani. Mtu wa namna hiyo namwonea huruma kabisa. Tatizo ni kwamba gari ambalo nambari zake zinalingana huuzwa bei ya juu zaidi, na kwa hiyo wakatokea mafundi wenye vigongeo vya umbo la kiwandani, wanaoiga hata mistari midogo iliyoachwa na mashine ya kiwanda kwenye chuma. Anayeiga mpaka mistari anajua vizuri anamtengenezea nani.

Wanaotetea kugonga upya wana hoja, na sitaki kuidharau. Wanasema: tunapaka rangi upya, tunashona viti upya, tunabandika stika mpya kwenye kifuniko cha injini, mbona nambari tu ndiyo iwe mwiko? Jibu langu ni kwamba rangi mpya haimwambii mtu chochote kuhusu asili ya gari. Nambari ni ushahidi, na mnunuzi huisoma kama ushahidi. Isitoshe, magari haya yataendelea kuwepo sisi tukiwa tumeondoka. Leo mwenye gari atakueleza kweli yote akiwa na kikombe mkononi. Kesho hayupo, mjane anauza, na anayenunua ana chuma tu cha kumweleza. Askari mpelelezi naye akikuta tupa imepita hapo, cha kwanza atakachowaza ni wizi. Wapelelezi wana dawa ya asidi inayoweza kufufua tarakimu zilizofutwa, kwa sababu kigongeo hubana chuma hata chini ya kina cha alama yenyewe.

Mwanachama mmoja alitukumbusha kesi ya Bentley iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Karibu kila kitu chake kilikuwa kimebadilishwa, lakini mwaka 1990 mahakama ya London ilikubali kwamba bado ni gari lile. Ni kweli, ila naona mfano huo unanisaidia mimi zaidi: historia yake haikukatika, na mabadiliko yake yangeweza kufuatwa moja baada ya jingine.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi. Kusafisha nambari iliyojaa kutu na kuipitisha chaki isomeke, ruksa. Bloku ya asili iliyopoteza nambari kwa kusawazishwa, mwenyewe alete picha za kabla, kisha nambari iandikwe kwenye kibao kidogo kinachosema wazi kwamba ni ya kurudishia. Bloku iliyotoka gari jingine ibaki na nambari yake, na mwenyewe aende NTSA, mamlaka inayosajili magari, kubadilisha logbuku, foleni na usumbufu wake nikiujua. Mkataba wa Turin wa FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, nao unataka sehemu zilizobadilishwa ziwekewe alama ya kuzitofautisha na za asili. Peugeot 504 yenye injini ya Nissan haina haja ya kuona haya kwetu. Nusu ya zilizobebea abiria njia hii ya Nakuru zingekuwa chuma chakavu zamani kama si injini za kuazima.

Kila mmoja pia alete kwa katibu nakala ya nambari zake kabla ya fundi yeyote kufungua injini. Weka karatasi nyepesi juu ya tarakimu, sugua kwa penseli laini, andika tarehe na nambari ya usajili, tia sahihi. Kura itapigwa kwa kuinua mikono mara baada ya ripoti ya mweka hazina. Mwenye 240Z atapiga kura kama wengine. Gari lake halitahukumiwa katika maonyesho yajayo mpaka logbuku yake irekebishwe, na masharti hayo ameyakubali kwa maandishi.