Fundi cherehani asiyependa kujitangaza aachwe ashone

MHARIRI, naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na mafundi cherehani vijana, hasa wale ambao kujionyesha hakumo katika tabia yao.

Siku hizi semina nyingi za ujasiriamali zinawaimbia wimbo mmoja: fungua akaunti, jirekodi ukikata kitambaa, weka video kila siku, la sivyo hutapata wateja. Kwa anayeipenda kazi hiyo, sina neno. Lakini wapo mafundi hodari inaowachosha kuliko cherehani yenyewe, na wanaanza kuamini kwamba biashara si yao. Kurekodi, kuhariri na kujibu maoni kukila dakika 90 kwa siku, kwa siku 6 zinakuwa saa 9. Huo ni muda wa kukata na kushona gauni zima lenye bitana, likapigwa pasi na kuning'inizwa tayari kwa mwenyewe.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila hicho chema lazima kiwe na anwani. Gauni linasifiwa harusini, mtu anauliza limeshonwa wapi, na mvaaji anajibu, "Kuna fundi mmoja kule nyuma ya soko." Mteja ameshapotea. Dawa ni lebo ndogo ya utepe yenye jina na namba ya simu, sentimita 5 kwa 2 inatosha, ishonewe ndani ya shingo kwa nyuma au kwenye mshono wa ubavuni. Na namba hiyo isibadilishwe, maana nguo nzuri huvaliwa miaka.

Yaliyobaki yamo kwenye kazi. Kitenge cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya mkasi kukigusa. Kiwandani nyuzi huvutwa zikakaza; zikikutana na maji hurudi. Kitambaa kikipungua kwa asilimia 3 tu, gauni la urefu wa sentimita 140 litapanda kwa sentimita 4 hivi, na lawama zote zitakuja kwako. Ubavuni, acha kitambaa cha ziada cha sentimita 2.5 nje ya mshono kila ukingo badala ya 1. Kingo ni nne, mbili za mbele na mbili za nyuma, kwa hiyo mteja akinenepa unaweza kumpanulia hadi sentimita 6 bila kuunga kitambaa kingine. Mteja wa namna hiyo hamuachi fundi wake. Sindano namba 14 inakifaa kitenge, namba 11 vitambaa vyepesi. Ibadilishe baada ya saa 8 hivi za kushona, kwa sababu iliyobutuka huruka mshono na kuvuta nyuzi.

Kwenye mkono wa nguo ndipo fundi anapojulikana. Sehemu ya juu ya mkono, ile inayoingia begani, hukatwa ikiwa ndefu kuliko tundu lake kwa sentimita 2 hadi 4. Ziada hiyo ndiyo inayoupa mkono mviringo wa bega. Kosa la kawaida ni kuisambaza sawasawa kuzunguka tundu zima: kwapani panajikunja, begani panabana, mteja hawezi kuinua mkono. Piga nyuzi mbili za kuvutia kwa mishono mirefu, vuta taratibu, kusanya ziada yote upande wa juu, kwapani pabaki laini, kisha piga pasi kabla ya kushona moja kwa moja. Cristóbal Balenciaga, Mhispania aliyefungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1937, alijulikana kwa kuifumua mikono na kuirudia hadi ikae. Hakuwa na desturi ya kutokea mbele ya watu kupokea makofi baada ya maonyesho yake, na mabingwa wenzake walimheshimu mno.

Fundi asiyejitangaza hana ruhusa ya kuvunja ahadi, kwa sababu tangazo lake ni kinywa cha mteja. Njoo kesho, njoo keshokutwa ndiyo iliyotuharibia jina mafundi wote. Piga hesabu: gauni likichukua saa 6, wiki ya saa 48 inaonekana kubeba magauni 8. Umeme utakatika, marekebisho yataingia, kwa hiyo pokea 6 tu, na wa saba mpe tarehe ya wiki inayofuata. Karibu na Idi na Krismasi ndipo tamaa inapoponza watu. Chukua nusu ya pesa ya ufundi mapema, mwite mteja ajaribu siku mbili kabla ya kuchukua nguo, na vipimo vyake viandike kwenye daftari pamoja na tarehe, ukibana na kipande kidogo cha kitambaa chake ili vitambaa visichanganyike.

Nawaomba waandaaji wa semina watenge angalau siku moja kwa mambo haya. Nanyi wateja, fundi asiye na ukurasa mtandaoni anapimika kwa dakika mbili. Mwombeni nguo aliyomaliza, igeuzeni ndani nje. Tazameni kama kingo zimezungushiwa uzi zisichanike, kama kila mshono umefunguliwa kwa pasi, kama maua ya kitenge yanakutana kwenye zipu, kisha vuteni pindo kidogo kwa vidole muone kama uzi unashika.

Mkufunzi wa ushonaji,
Morogoro