Nirudishie kamusi ya baba

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Mama Taji,

Salamu nyingi. Natumai mu wazima huko Voi, wewe, Taji na baba yake, na mvua imewakumbuka. Sisi tuzima, ila maji ya mfereji hatujayaona tangu Jumatano na mwenye mkokoteni sasa ananiita kwa jina. Ndiyo, najua. Tangu Pasaka sijakupigia. Simu zako mbili sikushika, na ile ya tatu niliikata ndani ya matatu nikisema nitakupigia nikifika. Nilifika. Utanigombeza baadaye, kwanza nina shida.

Naitaka kamusi ya baba. Ile kubwa ya Kiingereza, yenye jalada la buluu lililoshikwa na gundi na plasta, uliyoichukua 2019 ukisema ni ya wiki mbili tu, watoto wako wa Kidato cha Tatu wanaangamia. Sikuidai siku zote hizi kwa sababu simu ina kamusi, na nani atabeba mzigo ule? Ngoja nikueleze yaliyonikuta. Usicheke kabla sijamaliza.

Unajua tangu Februari naisaka ile nafasi ya kuandika ripoti pale kazini. Kiingereza changu cha kupokea wageni na kujibu barua kinatosha, lakini ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza kilichovaa tai. Humo hakuna mpango, kuna "robust framework". Watu hawasaidiani, wana "synergy". Nikaona potelea mbali, nami nitajifunza. Nikaweka programu kwenye simu, kila asubuhi inanipa maneno kumi magumu, neno moja na maana yake mstari mmoja. Halafu Odhiambo (bado ni yule yule) akanionyesha mambo ya boksi. Ni mbinu aliyoieleza mtu aitwaye Sebastian Leitner kwenye kitabu cha Kijerumani mwaka 1972. Unatwaa boksi la viatu, unaligawa vyumba vitano, unakata kadi za manila, neno mbele, maana nyuma. Kadi zote huanza chumba cha kwanza na unazipitia kila siku. Ukiipata, inapanda chumba cha pili, ambacho hufunguliwa baada ya siku kadhaa, kisha cha tatu ambacho hukaa zaidi, hivyo hivyo hadi cha tano. Ukiikosa, hata ikiwa imeshafika juu, inarudi cha kwanza bila huruma. Mwalimu Kisombe mtupu.

Na inafanya kazi, sikudanganyi. "Meticulous" yuko chumba cha tano anasubiri mahafali. "Perfunctory" amerudia darasa mara sita, simwelewi ana nini. Baba Neema analalamika kwamba amekuta kadi ndani ya sufuria ya ugali, na kwamba nikilala nasema "ubiquitous". Namwambia avumilie, mshahara ukipanda atalala vizuri.

Sasa. Jumanne ya juma lililopita mkurugenzi alikuja kutoka makao makuu, akahutubu saa nzima na ushee, na mimi nikapewa kutoa shukrani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa ile blauzi uliyonishonea. Nikasimama, nikashika mgongo wa kiti, nikasema kwa sauti ya kusoma risala: "Sir, your speech has truly enervated us." Kisha nikanyamaza kidogo ili neno litue.

Lilitua. Mama wa uhasibu akakohoa. Mzee mwenyewe akatabasamu, akasema hata yeye aliona hotuba imekuwa ndefu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, tena kwa nguvu, kwa sababu sikujua tunacheka nini.

Nilikuja kujua Jogoo Road, matatu imekwama, natafuta neno kwenye simu. "Enervate" ni kulegeza, kummaliza mtu nguvu. Limetoka Kilatini: "e" ni kutoa nje, "nervus" ni kano. Kutolewa kano, Mama Taji! Nimesimama mbele ya watu sitini nikamwambia mkubwa wa wakubwa kwamba ametulegeza kama kuku aliyechemka. Mimi nilitaka kusema ametutia nguvu. Nililiona linafanana na "energy" nikajua ni ndugu. Na unajua kinachonikera? Neno hilo halikuwahi kuingia kwenye boksi. Programu ililileta mwezi wa tatu, nikalitupia jicho moja, nikasema hili nalijua, nikapita. Leitner wa watu hana kosa hapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwoga wa kila kitu. Kumbe "noisome" halina kelele, ni kunuka. "Fulsome" mtu akikusifu nalo, jiulize kwanza, huenda sifa zimemwagika kupita kibaba. Jana nimeandika barua pepe ya mistari miwili nikatumia dakika arobaini, mwishowe nikaweka "good" na "big" nikaituma nikakimbia.

Unakumbuka insha zetu za darasa la saba? Tulikariri misemo kama dua. Kila mtu alikuwa "ametimua mbio kama duma", kila asubuhi "majogoo yaliwika", na wewe, wewe mwenyewe usinikane, uliandika kwamba mazishi ya babu yenu yalihudhuriwa kwa "furaha ghaya". Kisombe alilizungushia wino mwekundu mpaka karatasi ikatoboka. Nilikucheka muhula mzima. Haya, leo zamu yako.

Kuna kijana Mkorea amehamia ghorofa ya tatu, anajifunza Kiswahili, tena kwa bidii ya kuogofya. Kamusi yake ya mfukoni inamwambia piga ni kumgonga mtu. Basi akanijia pale kwenye kamba za nguo na orodha: mbona mnapiga pasi, mnapiga simu, mnapiga magoti, mnapiga chafya, mnapiga soga? Akauliza, kwa adabu zote, kwenye kupiga kura anayepigwa ni nani. Nikamwambia inategemea mwaka.

Nilicheka hadi nikaangusha vibanio, kisha kicheko kikaniishia mdomoni. Mstari mmoja wa programu yangu ndio huo huo "kumgonga mtu" wake. Odhiambo, ambaye siku hizi ni profesa wa kila jambo, anasema Mwingereza mmoja, Firth, aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaoandamana nao. Sawa. Lakini baba alijua hayo bila Firth, na ndiyo maana nakuandikia.

Ile kamusi uliyonayo si kamusi tu. Sijui kama umewahi kutazama pembeni mwa kurasa. Mzee alikuwa mkalimani wa mahakama miaka ishirini na mitatu, na kila neno lililomtoa jasho kizimbani alirudi nalo nyumbani akaliandikia kwa penseli. Kando ya "sanction" kuna: "Idhini. Pia adhabu! Tazama ni nani anasema." Kando ya "oversight": "Usimamizi, AU kupitiwa. Wakili atakutega." Na kwenye "ask" alichora mshale unaompeleka msomaji kwa "question", huko kuna mshale mwingine kwa "interrogate", na mwisho wa safari ameandika: uliza, hoji, saili.

Hiyo mishale nilimuuliza nikiwa kama wa miaka tisa. Akaniambia Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza mwaka 1066, wakawa ndio mabwana, na ndiyo sababu ng'ombe akiwa zizini na mchungaji ni "cow", akifika mezani kwa bwana anaitwa "beef" kwa lugha ya bwana. Waingereza wakabaki na neno lao la jikoni, juu yake la Kifaransa, juu yake tena la Kilatini. Na sisi, akasema, tuna uliza ya nyumbani, halafu hoji na saili zilizokuja na Kiarabu zikiwa zimevaa kanzu. "Shahidi akiulizwa hukaa. Akisailiwa hujifuta jasho." Kwa hiyo akisimama mahakamani hakutafuta maana peke yake, alitafuta neno la Kiswahili lenye uzito ule ule, lililovaa nguo za daraja lile lile. Mimi kwenye kadi zangu zote nimeandika "uliza", "uliza", "uliza".

Jumamosi nilishuka mjini nikazunguka kwa wale wauza vitabu wa kando ya barabara, zile inama bookshop zetu, mpaka kiuno kikaniuma. Nikapata kamusi kama ile ile, shilingi mia nne, safi kabisa. Nikaifungua, nikaifunga. Ilikuwa safi mno.

Mahojiano ni Alhamisi ya wiki ijayo. Halima anapanda huku Ijumaa, nimeshamwambia atapitia kwako saa moja asubuhi, ifunge kwenye leso, usiitie kwenye mfuko wa plastiki uliotoboka kama ule wa mahindi. Halima akikwama iweke kwenye basi, unipigie nambari ya gari. Ila usimpe Mwakio. Mtu aliyepoteza mbuzi njiani hawezi kukabidhiwa kamusi.

Na usije ukaniambia imepotea. Haijapotea, sivyo? Watoto wako hawakuichanachana? Plasta imeshika bado? Je, uliwahi kuwasomea ya pembeni, au uliwaambia ni uchafu? Taji ameanza kusoma? Ule mguu wa mama umepona, na bado anakataa kwenda kliniki? Na wewe, ile barua ya uhamisho ilijibiwa au wamekunyamazia kama mimi nilivyokunyamazia? Nitapiga simu wiki hii, naapa, hata kama ni ndani ya matatu.

Lakini usingoje Ijumaa kwa jambo moja. Ukimaliza kusoma barua hii, nenda kaichukue, fungua herufi E, telemka mpaka "enervate", unipigie picha ukurasa ule. Nataka kujua kama kuna penseli hapo. Ikiwa alishawahi kuteleza palepale nilipoteleza mimi, lazima aliandika.

Wako,
Nyambu