Barua ya wazi kwa Meya wa Lancaster: ziara ianzie gatini

Mheshimiwa Meya,

YAH: MPANGILIO WA ZIARA KWA WAGENI WANAOZUNGUMZA KISWAHILI

Mgeni akifika Lancaster, mji wetu huu wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, hupelekwa ngomeni kwanza. Husimuliwa kesi ya wachawi ya 1612 iliyowafikisha watu 10 kitanzini, huoneshwa, katika mahakama iliyo humo ngomeni, chuma cha kumchoma mhalifu alama ya M (ya neno la Kiingereza "malefactor", yaani mhalifu) mkononi, na mchana umekwisha. Hatuibezi ngome. Hadi 1835 kesi kubwa za jimbo zima la Lancashire zilisikilizwa humo, na gereza lake lilifungwa 2011 tu. Ila fedha za mji, zikiwemo za biashara ya watumwa, zilipita chini, mtoni Lune, kwenye gati la St George's. Tunaomba ziara ianzie huko.

Kituo cha kwanza kiwe jengo la forodha la 1764, ambalo sasa ni makumbusho. Lilichorwa na Richard Gillow, wa familia ile ya mafundi samani waliotumia mbao za mahogani kutoka Karibi. Hapo hapo elezeni safari kwa mapande yake matatu, maana wageni wengi hudhani mateka walishushwa gatini. Sivyo. Merikebu ilitoka Lancaster na bidhaa hadi Afrika Magharibi, ikapakia watu na kuwapeleka ng'ambo ya Atlantiki kuuzwa, kisha ikarudi na sukari, ramu, pamba na mahogani. Waafrika wachache waliofika Lancaster wengi wao walikuwa watumishi. Idadi nayo itajwe pamoja na miaka yake: takriban watu 29,000 waliopelekwa utumwani na merikebu za Lancaster, kati ya 1736 na 1807. Mnara wa kumbukumbu uliowekwa gatini 2005 umeorodhesha merikebu na manahodha wake. Mgeni aachwe ausome, asiharakishwe.

Mto nao usisahaulike. Lune ni ya kina kifupi na mchanga wake huhama, kwa hiyo merikebu za hapa zilikuwa ndogo kuliko za Liverpool, na kubwa zilitia nanga Sunderland Point, mdomoni mwa mto. Gati la Glasson, karibu na mdomo huo, lilifunguliwa 1787, Liverpool ikiwa imeshatangulia mbali.

Sunderland Point ndipo penye kaburi la kijana Mwafrika aliyefariki 1736. Alizikwa nje ya ardhi ya kanisa kwa kuwa hakubatizwa. Bamba lenye shairi liliwekwa 1796, kwa michango iliyokusanywa na mwalimu mstaafu James Watson. Ndugu yake, William, aliwekeza katika biashara hiyohiyo ya watumwa, na jambo hili halifai kurukwa.

Njia ya kwenda huko ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Barabara hufunikwa na bahari maji yanapojaa, na wakati wa bamvua hali huwa mbaya zaidi. Kipeperushi kiandike kwa Kiswahili, juu kabisa: angalia jedwali la maji la siku hiyohiyo, kwani la jana halifai, vuka maji yakipwa, panga saa ya kurudi kabla hujaondoka, ukikuta maji yameshaingia barabarani, usijaribu kupita hata kama gari ni refu. Matope ya pembeni humeza mguu, hivyo hakuna kukata njia.

Rasimu ya kipeperushi hicho tuko tayari kuiandika bila malipo.

Wako katika kazi,
Waongozaji wa wageni wanaozungumza Kiswahili