Tabaka za Juu Zinapoa: Ombi la Masahihisho

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala yenu ya juma lililopita juu ya mabadiliko ya tabianchi, na naomba nafasi ya kusahihisha jambo moja: dai la mwandishi kwamba dunia inapata joto kwa sababu jua limezidi ukali. Hewa iliyo juu sana inakanusha dai hilo.

Sisi wakazi wa Goma tunaijua hewa ya ukaa kwa karibu. Ndiyo gesi ya mazuku, inayotuama kwenye mashimo ya lava kuelekea Sake na kuua mbuzi, pengine hata mtoto, kabla mtu hajanusa chochote. Gesi hiyohiyo, kwenye kimo cha kilomita mia moja hivi, ina kazi nyingine kabisa. Atomu za oksijeni huzigonga molekuli zake zikatikisika, na nishati ya mtikisiko huo hutoka kama mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 15. Huku chini mionzi hiyo hunaswa tena na molekuli jirani, ndiyo maana joto halituondoki upesi. Kule juu hewa ni nyembamba mno, hivyo sehemu kubwa ya mionzi hutokomea angani na hewa hubaki imepoa.

Basi, lau jua ndilo lingekuwa chanzo, tabaka za juu nazo zingepata joto, lakini vipimo vinaonyesha kwamba zinapoa. Wanasayansi Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa mwaka 1967 kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka, chini kutapata joto na stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu, itapoa. Mwaka 1989 wanasayansi Raymond Roble na Robert Dickinson wakapata jibu la namna hiyo kwa tabaka zilizo juu zaidi. Setilaiti ya Marekani iitwayo TIMED, iliyorushwa Desemba 2001, imeipima mionzi hiyo kwa zaidi ya miaka 20 kwa kifaa kiitwacho SABER.

Sikatai kwamba jua lina nguvu yake huko juu. Dhoruba zake huipasha hewa ile joto kali, ila gesi ya nitriki oksaidi hulitoa joto hilo kwa mionzi ya mikromita 5.3, na katika siku chache hali hurejea. Kupoa kwa miongo mizima ni jambo jingine.

Wanafunzi wangu hulinukuu gazeti lenu darasani kama ushahidi. Kwa ajili yao, naomba mchapishe masahihisho mahali palepale makala ile ilipotokea.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fizikia, Goma