Cherehani zimehesabiwa, nani atashika mtoto?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako. Nashona sare za shule, masweta siyawezi, na vitenge vya harusi na misiba. Elimu yangu niliyoimaliza ni ya Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, maarufu kama FDC. Redio yangu huwa wazi kutwa nzima, kwa hiyo msimu wa bajeti ukifika nasikia yote. Mbunge anasimama kuomba karakana, mwingine anaomba chuo cha ufundi wilayani kwake, waziri anajibu kwamba fedha za ujenzi zimetengwa na vifaa viko njiani. Cherehani zinahesabiwa, mashine za kuchomelea zinahesabiwa. Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza nani atamshika mtoto wa mwanafunzi wakati mama yake yuko karakana.

Kwa wasiovijua, vyuo hivi ni vya serikali na viko 54 Tanzania Bara. Vilianza mwaka 1975, enzi za Mwalimu, kwa wazo lililochotwa Sweden: mtu mzima aje na elimu yoyote aliyonayo, akae bwenini, ajifunze kazi ya mikono na kuishi na wenzake, kisha arudi kwao akaifanye kazi ile. Kipo Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Kipo Bigwa, Morogoro. Kipo Ilula kule Iringa. Miaka mingi vilikuwa chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, sasa viko Wizara ya Elimu. Wapo wanaovichanganya na VETA, vile vyuo vya serikali vya ufundi stadi, na siwalaumu, maana na sisi tunasoma umeme wa majumbani, uashi, useremala, ushonaji, upishi, ufundi magari, kilimo na mifugo. Tofauti iko mlangoni. FDC hawakuulizi sana uliishia darasa la ngapi.

Ndiyo maana utawakuta huko watu kama mimi. Niliacha shule kidato cha tatu kwa ujauzito. Wakati huo shule ya serikali haikupokei tena, na mwaka 2017 tukasikia kauli ya juu kabisa kwamba aliyezaa asahau darasa. Mlango ulikuja kufunguliwa Novemba 2021 kwa waraka wa wizara, nami nilishukuru japo nilikuwa nimeshapita umri. Lakini hebu nenda sekondari yoyote ya kata uulize chumba cha mtoto kiko wapi. Binti ameruhusiwa kurudi, mwanawe hakuruhusiwa kuja naye. Kama bibi hayupo, au yupo lakini anashinda shambani, ruhusa hiyo inabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo bado wengi wanakimbilia FDC, na zipo jitihada nzuri huko, kama ile programu ya Elimu Haina Mwisho ya Karibu Tanzania Organization, inayowapokea wasichana walioacha shule, watoto wao wakiwemo. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Ninachouliza ni kwa nini jambo la msingi namna hii litegemee programu na wafadhili badala ya kuwa kazi ya kawaida ya chuo.

Chuo nilichosoma sitakitaja, kiko mkoa mwingine, na walimu wake walinitendea wema. Sitaki barua hii iwachongee.

Mwaka wangu wa kwanza darasa la ushonaji lilikuwa na kina mama kadhaa. Watoto ambao hawajaanza kutambaa tuliwalaza kwenye kanga chini ya meza ya kukatia. Waliotambaa ndio waliokuwa kazi. Karakana ya ushonaji ina pini sakafuni, ina pasi ya mkaa, ina mikasi mizito, na cherehani ya miguu ina gurudumu na mkanda unaozunguka usawa kabisa wa vidole vya mtoto wa mwaka mmoja. Mwalimu wetu, mzee mvumilivu, alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Kila asubuhi aliikokota sakafuni kwa kamba, akizoa pini kabla hatujaingia. Halafu anaanza kufundisha sketi ya shule ya marinda. Marinda ni hesabu: unapima kiuno, unagawa, kila rinda linakula kitambaa sawa na mwenzake, ukikosea moja sketi nzima inakwenda upande. Wewe sikio moja liko kwa mwalimu, jingine liko chini ya meza. Mtoto akilia, unatoka. Ukirudi wenzako wameshafika kwenye mkanda wa kiuno, na wewe bado unatafuta chaki yako.

Baadaye mkuu wa chuo akatupa chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Tulikipaka chokaa wenyewe. Wanafunzi wa uashi walisawazisha sakafu ikawa ndiyo mazoezi yao ya vitendo ya wiki ile, wa useremala wakatengeneza vitanda vidogo vyenye kingo kwa mabaki ya mbao, na sisi wa ushonaji tukashona vigodoro kwa vipande vilivyobaki mezani. Tukampata mama mmoja kutoka kijiji cha jirani, tukawa tunachanga kumlipa. Saa nne uji, saa sita tunakimbia kunyonyesha, mchana watoto wanalala. Ni katika muhula ule nilipojifunza kukata suti ya kike, kola na mfuko wa ndani vyote. Kabla ya hapo nilikuwa nahudhuria tu.

Kisha michango ikayumba. Wengi wetu hela tuliipata kwa vibarua vya kupalilia mwisho wa wiki, na msimu ule mvua zilichelewa, vibarua hakuna. Mama yule alidai haki yake, akakosa, akaondoka. Hakukosea hata kidogo, naye ana watoto wake. Tuliandika barua kuomba chuo kimlipe, jibu likaja kwamba hakuna kifungu. Kifungu cha vitambaa kilikuwepo, cha mafuta ya jenereta kilikuwepo, na cha kumpokea mgeni rasmi siku ya mahafali nacho, nadhani, kilikuwepo, kwa sababu soda zilikunywewa. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa anasoma umeme, mwanamke pekee kwenye kundi lake, na walimu wenyewe walimpa kazi ya kufunga nyaya kwenye bweni jipya. Mwanawe alikuwa mgonjwa mgonjwa, chini ya meza ya karakana ya umeme hapalazwi mtoto. Aliondoka zikiwa zimebaki wiki chache tu kufanya mtihani wa mwisho. Kwenye daftari la chuo, sababu iliyoandikwa ni utoro.

Sasa piga hesabu mwenyewe, Mhariri. Serikali ilikuwa imeshamlipa mwalimu wake, imeshanunua nyaya na bodi alizojifunzia, imeshamlisha maharage kwa karibu miaka miwili. Vyote hivyo vimekwenda na maji kwa kukosa mshahara wa mlezi mmoja, ambao hauwezi kufikia gharama ya gari la kuwaleta wakaguzi.

Nchi yetu si kwamba haijui umuhimu wa jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto mchana na kutaka visajiliwe. Tangu Desemba 2021 tuna programu nzima ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayomhesabu mtoto hadi afike miaka 8. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, inaupa ufundi heshima ambayo haukuwa nayo tulipokuwa tukiitwa waliofeli. Kila jambo lina ofisi yake. Mwanafunzi mwenye mtoto mgongoni ndiye anayeangukia katikati ya ofisi hizo: ustawi wa jamii wanamwona mwanafunzi, elimu wanamwona mzazi.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa hivyo dukani kwangu na mteja mmoja, mtu mzima wa heshima zake: mkiweka walezi vyuoni, mnawahamasisha mabinti kuzaa. Nilimwambia mzee wangu, hakuna binti aliyezaa ili apate kitanda kwenye bweni lenye kunguni. Alicheka, akalipa suruali yake, lakini hakukubali.

Na kina baba je? Kwenye darasa la magari na la umeme walikuwepo wanafunzi wa kiume wenye watoto, tena si haba. Hakuna mwalimu wala matroni aliyewahi kuwauliza mtoto yuko na nani.

Mambo mengine ya maisha ya chuo nayo yanaitwa ziada, nayo si ziada. Kuna mpira. Siku hizi ipo programu ya Mpira Fursa inayopitia vyuo hivi kukuza soka la wasichana; wakati wangu tulikuwa na netiboli tu, na mpira wenyewe ulikuwa umeshonwa na sisi wenyewe ulipopasuka. Baba mmoja aliwahi kuja kumchukua binti yake akisema hakumleta kucheza. Lakini wenyeji wa pale, waliozoea kututazama kama wasichana walioharibika, walianza kutujua kwa majina siku tulipoifunga timu ya walimu wa shule ya jirani. Baada ya mechi ile nikapata wateja wangu wa kwanza, kina mama waliotaka kupunguziwa magauni. Mdahalo wa Ijumaa usiku nao, ambao wengine waliuona kijisababu cha kuchelewa kulala, ndiko nilikojifunza kusimama mbele ya watu nikakataa bei ninayoona hainilipi. Hilo silabasi ya ushonaji haina.

Matroni wetu alikuwa mwalimu wa upishi aliyeongezewa jukumu. Analala kwake, kilomita kadhaa kutoka chuoni. Usiku mtoto akishikwa na homa, unamwamsha mlinzi, mlinzi anatafuta bodaboda. Yatosha.

Ninachoomba hakihitaji jengo la ghorofa. Ikama ya chuo ina mhasibu, ina mtunza stoo, ina dereva hata pale ambapo gari limekufa miaka. Humo humo iwekwe nafasi ya mlezi wa watoto na ya matroni anayelala chuoni, walipwe na serikali kama wengine, wasitegemee michango ya wanafunzi wala mradi wa mtu. Na kwa vile vyuo vya VETA navyo vinajengwa wilaya kwa wilaya, ramani ipangiwe chumba hicho kabla ya jiwe la msingi: sakafu isiyoteleza, dirisha, choo kifupi, jiko la uji, kiwe mbali na karakana ya kuchomelea. Kuja kukiongeza baadaye ni kurudi kulekule kwenye stoo ya majembe.

Dukani kwangu nina msichana anayejifunza kazi. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu nilipokuwa umri wake, na anataka kwenda FDC mwakani, yeye na mtoto wake wa miezi minane. Nimewapigia simu vyuo kadhaa kumuulizia. Wote walinisomea orodha bila kusita: ada, godoro, ndoo, fyekeo, sare jozi mbili, bima. Nilipouliza kuhusu mtoto, wakanijibu, "Aje tu, tutaangalia."

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako wahusika wa Wizara ya Elimu wanijibu swali hili: kati ya vyuo 54, ni vingapi kwa mwaka huu wa fedha vina mlezi wa watoto anayelipwa kutoka bajeti ya serikali? Naomba wavitaje kwa majina. Usajili unafungwa, na nataka kujua nimkatie tiketi ya basi la kwenda wapi.

Fundi cherehani,
Makambako, Njombe.